Dawa iko kabatini, mtoto yuko kwenye chumba cha maombi

Ndugu wasikilizaji wa Kazimia na Sebele, ninyi wa Baraka mnaotusoma kwenye simu, na ninyi ndugu zetu wahami wa vita mnaolala kwa familia za wenyeji: leo siwaletei habari ya mkutano wala ya mgeni mkubwa aliyeshuka botini. Nina hasira, na nitaisema.

Mama mmoja muhami alikuja kunitafuta akiwa na mtoto wa miezi miwili mgongoni. Tangu siku ya tatu ya kuzaliwa, mtoto huyo anashikwa na degedege. Macho yanapanda juu, mkono mmoja unapigapiga, mdomo unatafuna hewa. Walimpima malaria, hakuna. Wakampa dawa ya malaria hata hivyo. Wakampa Gardenali, ikasaidia siku mbili, kisha degedege likarudi kama mtu aliyekwenda kununua chumvi tu. Huyu ni mtoto wake wa tatu. Wawili wa kwanza walikufa hivyohivyo, kabla ya kutambaa. Mama mkwe akasema kuna kitu mwanamke huyu ameleta katika ukoo. Mume akanyamaza. Mchungaji mmoja akamfungisha siku tatu bila kula, yeye ananyonyesha!

Unajua alichotaka kwangu? Hakuomba pesa. Alitaka tutangaze radioni kwamba yeye si mchawi.

Tangazo hilo ninalitoa hapa, na ninaongeza langu. Mimi si muganga. Nilisoma sekondari, nikasoma uandishi wa habari, basi. Sijui mtoto huyu anaumwa nini. Lakini kazi yangu ni kuuliza, na niliyoyasikia kwa kuuliza hayaniachi nilale.

Degedege kwa mtoto wetu mara nyingi ni malaria, au uti wa mgongo, au pepopunda ya kitovu, au alichelewa kulia siku ya kuzaliwa, au sukari ya damu imeshuka. Hayo ndiyo ya kuangalia kwanza, na hakuna anayebisha. Lakini mtoto akianza degedege katika siku zake za kwanza, dawa za kawaida zikashindwa, na kabla yake ndugu zake wawili wamekufa kwa namna ileile, muganga anatakiwa kufikiri jambo lingine pia: ugonjwa wa kurithi unaoharibu kazi ya chakula ndani ya mwili na kuumiza ubongo.

Nieleze kwa muhogo, tunaoujua wote. Muhogo mchungu unamenya, unaloweka, unaanika, ndipo unatwanga. Ruka kuloweka tu, kazi nyingine zote fanya vizuri kabisa, na bado ugali huo una sumu. Mwili nao unakichakata chakula hatua kwa hatua, na kila hatua ina mfanyakazi wake mdogo. Kuna watoto wanaozaliwa mfanyakazi mmoja hayupo. Kitu kinabaki katikati hakijamalizika, kinajikusanya, ubongo unaumia. Katika ugonjwa mmoja wa aina hiyo, kile kinachojikusanya kinaikamata vitamini B6 na kuifunga, na bila B6 ubongo hauwezi kutulia. Ndiyo maana degedege haliishi. Ukimpa mtoto huyo B6 nyingi kuliko ile ya chakula, linaweza kusimama.

Vitamini tu. Jambo hili liliandikwa na madaktari wa Marekani mwaka 1954, na mwaka 2006 watafiti wa London wakaonyesha ni kasoro gani ya kurithi inayoleta shida yenyewe. Hizo si habari za juzi. Na B6 haihitaji ndege ya pekee kutoka Ulaya. Ndicho kile kidonge wanachopewa wagonjwa wa TB ili isoniazidi isiwaunguze mishipa ya fahamu ya miguu. Iko katika orodha ya dawa za lazima ya Shirika la Afya Duniani. Sasa niambieni: kabati la TB na kitanda cha mtoto huyu, katikati yao kuna mlima gani?

Mlima ni neno moja. "Nadra." Kila nilipouliza nilijibiwa: ndugu mwandishi, hayo ni magonjwa nadra, sisi hapa tuna malaria, tuna kolera, tuna surua, tuna vita. Ninalijua jibu hilo, na sehemu yake ni kweli. Ugonjwa huu wa B6 unampata mtoto mmoja kati ya makumi ya maelfu. Pengine mtoto niliyemwona hana ugonjwa huo, ana mwingine, usio na dawa. Lakini angalieni hesabu. Kumjaribu kunagharimu vidonge kadhaa na macho ya muganga kwa siku chache. Kutomjaribu, kama ndiye huyo mmoja, kunagharimu mtoto, na pengine ndoa, na pengine mwanamke anayefukuzwa usiku katika nchi isiyo yake. Tena nadra kwa nani? Kwa yule mama ni watoto watatu kwa watatu.

Na wakisema "ni mambo ya Wazungu," niwakumbushe kwamba hata huko Wazungu hawakuzaliwa wakijua. Kule Norwe kulikuwa na mama, Borgny Egeland, mwenye watoto wawili waliochelewa akili, na mkojo wao una harufu ya ajabu. Alizunguka kwa madaktari miaka na miaka wakimwona msumbufu. Mwaka 1934 daktari Asbjørn Følling akakubali kuupima mkojo ule, akatia dawa moja, ukageuka kijani. Hapo ndipo dunia ilipoujua ugonjwa unaoitwa fenilketonuria. Tiba ilikuwa bado. Mwaka 1951, mjini Birmingham, Uingereza, mama mwingine alikuwa akimngoja daktari Horst Bickel mlangoni mwa maabara asubuhi hata asubuhi, anamwuliza: umempatia mwanangu nini? Mwishowe Bickel na wenzake walitengeneza chakula cha pekee, na mtoto akaanza kubadilika. Leo katika nchi nyingi kila mtoto mchanga anachomwa kisigino, tone la damu linakaushwa kwenye karatasi, na mwenye ugonjwa huo anaanza chakula chake kabla ubongo haujaharibika, anakwenda shule kama wenzake. Mwanzo wake ni akina mama wasumbufu. Wetu tunawafungisha.

Karatasi hiyohiyo ya tone la damu si ngeni kwetu Kongo. Inatumika kwa watoto waliozaliwa na mama wenye VVU. Kinshasa ilitumika kuwapima makumi ya maelfu ya watoto wachanga ugonjwa wa siklemia, ambao nao ni wa kurithi. Kwa hiyo msiniambie karatasi haiwezi kusafiri.

Sasa wachungaji. Mimi mwenyewe ninasali, na siwapigi vita. Ombeeni mtoto, muwekeeni mikono. Lakini ukimfungisha mama anayenyonyesha, au ukimwambia aache Gardenali ili aonyeshe imani, hapo umetoka katika maombi. Kuacha Gardenali ghafla kunaweza kuleta degedege kubwa la kuua. Na ukimtaja mtoto kuwa mchawi, Katiba ya 2006 inakataza, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009 inaweka kifungo cha mwaka mmoja hadi mitatu. Ninajua, jela haijajaa watu wa namna hiyo. Sheria ipo hata hivyo.

Na ninyi mama wakwe na mashemeji. Magonjwa mengi ya aina hii, na huu wa B6 mmojawapo, yanahitaji sehemu mbili: moja kutoka kwa baba, moja kutoka kwa mama. Wote wawili wazima, hakuna aliyejua. Kila mimba, nafasi moja kati ya nne mtoto atapata zote mbili, na mimba inayofuata hesabu inaanza upya. Kwa hiyo ukimfukuza mke kwa sababu "ameleta kitu," nusu ya kitu hicho imebaki nyumbani kwako, ndani ya mwanao.

Kwa zoni za afya na mashirika yanayofanya kazi Fizi nina ombi moja, wala si la helikopta. Amueni kwa maandishi kwamba hospitali inayopokea watoto wa degedege iwe na B6 kwenye wodi ya watoto, na muganga ajue lini na namna gani ya kuijaribu. Nimeelezwa kuwa dozi ya kwanza, hasa ya sindano, inaweza kumsimamisha mtoto pumzi, kwa hiyo ifanyike pahali penye kifaa cha kumpumulisha. Zamani tungesema: mpelekeni Bukavu. Tangu M23 iingie Bukavu Februari 2025, kumwambia hivyo mama wa Kazimia ni kumwambia arudi nyumbani akangoje. Na hata kufika Baraka kwa boti ni nauli ambayo muhami hana.

Wazazi, msikimbilie farmasi kununua B6 mkampa mtoto wenyewe. Ulizeni kwa jina: "Je, tumjaribu vitamini B6?" Mkijibiwa hapana, ulizeni kwa nini. Ikimsaidia, ni dawa ya maisha yote. Ikikatwa, degedege linarudi ndani ya siku chache, na wengine watabaki wazito kidogo shuleni hata wakitibiwa. Siwadanganyi. Kwa mtu anayeweza kuamshwa na risasi usiku, maana yake ni kwamba vidonge hivyo vinakaa katika mfuko mmoja na kadi ya uchaguzi.

Mama yule nilimwandikia maswali yake kwenye karatasi, akapanda boti ya Baraka kwa nauli tuliyochangiana. Na jambo moja lililompendeza muganga aliyenielekeza, ambalo kila mzazi anaweza: degedege likianza, mlaze mtoto ubavu, usimtie kitu mdomoni, mwombe jirani alichukue kwa video ya simu. Muganga akiliona kwa macho yake, anajua mengi. Kama simu haina moto, andika saa lilipoanza na saa lilipoisha.