Kulala Maana Yake Kulala

Mtu anapofunga kifuniko cha kompyuta ndogo ya kubeba ametoa amri: lala. Nasema amri hiyo siku hizi haitiiwi, na sisi wenye mali hatukuulizwa.

Zamani ilitiiwa. Mwaka 1996 kampuni za Intel, Microsoft na Toshiba zilitoa kanuni ziitwazo ACPI, zilizopanga usingizi wa kompyuta kwa ngazi. Iliyotufaa zaidi ni ngazi ya tatu: prosesa huzimwa, umeme kidogo ukabaki kwenye kumbukumbu ili kuilinda kazi yako. Mwaka 2012, Windows 8 ikaleta usingizi wa namna nyingine, ufananao na wa simu: skrini huzimika, lakini mashine hulala jicho moja, tayari kupokea barua na habari za intaneti. Leo mashine nyingi mpya hazina tena ile ngazi ya tatu. Hata ukiitaka huipati.

Matokeo nayaona kwenye mashine yangu. Jioni naifunga ikiwa na chaji tele, naitia mkobani. Asubuhi naitoa ina joto na betri imekwisha. Wapo wanaosema, chomeka kwenye umeme. Umeme upi? Kwetu hukatika bila kuaga, na betri ndiyo akiba ya mwalimu na karani. Wapo na mafundi wanaokimbilia kutuuzia betri mpya, ilhali mara nyingi betri haina kosa. Mlaji ni programu inayofanya kazi usiku.

Nafuu ipo. Fungua dirisha la amri kwa mamlaka ya msimamizi, andika powercfg /a uone mashine inakubali usingizi gani, kisha powercfg /sleepstudy uone nani amekula chaji. Halafu, kwenye mipangilio ya umeme, agiza kwamba kifuniko kikifungwa mashine iingie haibaneti: kazi huandikwa kwenye diski na mashine huzimika. Itachelewa kidogo kuamka, lakini utaikuta na chaji.

Hata hivyo, kwa nini mnunuzi alazimike kuwa fundi ili chombo chake kilale? Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na waliobuni usingizi huu hawaishi kwa mgao wa umeme. Anayetaka mashine ikeshe, ikeshe. Sisi tunaotaka ilale, waturudishie haki ya kuchagua.