Waraka kwa Matawi Yote: Kabla ya Kutia Saini Barua ya Mradi

Ndugu wanachama,

Ninaandika kwa sababu ya maneno yaliyorushwa katika mkutano wetu uliopita. Tawi la Maine lilileta barua ya kuunga mkono mradi wa mji wao, wakitaka saini ya chama chetu huku Marekani. Kabla barua haijasomwa hadi mwisho, ndugu wa Texas walishauliza kwa nini kodi wanayokatwa Houston ikajenge njia za waenda kwa miguu huko kaskazini kwenye theluji. Maine nao wakajibu kwa hasira, na waliokuwepo wanajua jinsi kikao kilivyovunjika.

Barua hiyo bado iko mezani kwangu. Kabla hatujaijadili tena naomba tuelewane juu ya jambo lenyewe, maana wengi wetu tumelirukia katikati.

Sehemu kubwa ya fedha za serikali ya shirikisho ya Marekani hugawanywa kwa kanuni zilizomo katika sheria, au kwa uamuzi wa wizara na idara zake. Lakini kipo kifungu ambacho Bunge lenyewe hukipangia mradi kwa jina lake na mahali pake: daraja hili, zahanati ile, bomba la maji la mji fulani. Mbunge au seneta huuombea mradi wa kwao, nao ukipita huandikwa katika nyaraka za bajeti. Ndugu kutoka Kenya wataniambia hiyo ni CDF tu, yaani mfuko wa maendeleo ya majimbo ya uchaguzi, na wa Tanzania watataja Mfuko wa Jimbo. Vinafanana, lakini tofauti iliyopo ndiyo inayozaa ugomvi. Sheria ya CDF ya Kenya ya mwaka 2003 iliweka kanuni ya mgawo: asilimia 75 ya fedha igawanywe sawasawa kwa majimbo yote ya uchaguzi, na asilimia 25 kwa kuangalia umaskini. Huku Marekani hakuna mgawo wa namna hiyo. Mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na kamba ndefu wanayo wale wanaokaa katika kamati za matumizi za Bunge, hasa wenyeviti na waliozeekea humo.

Ndiyo maana ningewashauri ndugu wa Houston wapunguze sauti kidogo. Kituo cha vyombo vya anga wanachojivunia, ambacho wageni wetu wote hupelekwa kukitazama, kilipelekwa pale mwaka 1961. Wakati ule Lyndon Johnson wa Texas alikuwa makamu wa rais, na mwenyekiti wa kamati ndogo ya Bunge iliyoshika bajeti ya NASA alikuwa Albert Thomas, mbunge wa Houston. Sisemi kituo hakikustahili. Nasema Texas nayo iliiwamba ngoma, na ngozi ikavutiwa kwake.

Mfano unaotajwa kila ugomvi huu unapozuka ni daraja la Alaska, na kwa kuwa ulitajwa mkutanoni nusu nusu, afadhali nieleze vizuri. Ketchikan ni mji mdogo kusini-mashariki mwa Alaska. Uwanja wake wa ndege uko ng'ambo ya mkono mwembamba wa bahari, katika kisiwa cha Gravina, ambacho wakazi wake walikuwa kama 50. Watu huvuka kwa feri. Mwaka 2005 Bunge lilipopitisha sheria kubwa ya barabara, zilitengwa humo dola milioni 223 za kujenga daraja la kwenda Gravina, na nyingine milioni 229 za daraja jingine karibu na Anchorage, ambalo lingepewa jina la Don Young. Huyo Don Young alikuwa mbunge pekee wa Alaska katika Baraza la Wawakilishi, na ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya uchukuzi iliyoandika sheria hiyo. Hata kifupisho cha jina la sheria kilipindwa ili kiishie na jina la mkewe, Lu.

Sheria ilitiwa saini Agosti 2005. Mwisho wa mwezi huohuo kimbunga Katrina kikaipiga Louisiana na kuvunjavunja daraja pacha la barabara kuu namba 10 juu ya ziwa Pontchartrain. Oktoba, Seneta Tom Coburn wa Oklahoma akapendekeza fedha za Gravina zipelekwe kulijenga lile la Louisiana. Ungedhani hilo lingepita bila taabu. Ted Stevens, seneta wa Alaska aliyewahi kuongoza Kamati ya Matumizi, alisimama akatangaza kwamba Alaska ikifanyiwa hivyo atajiuzulu. Kura zikapigwa: 15 wakamuunga mkono Coburn, 82 wakapinga.

Tuitazame hiyo 82 vizuri. Hawakuwa maseneta 82 wanaoipenda Gravina. Kila mmoja alikuwa na mradi wake mahali fulani katika sheria ileile, naye alijua kwamba mkono unaong'oa wa Alaska leo utang'oa na wake kesho. Nipe nikupe ndiyo iliyopiga kura siku ile. Baadaye, makelele ya nchi nzima yalipozidi, Bunge lilifuta sharti la kujenga daraja, lakini fedha zenyewe likaiachia Alaska itumie itakavyo. Mwaka 2007 gavana Sarah Palin akaufuta mradi. Barabara ya kulifikia daraja hilo upande wa kisiwa ilijengwa hata hivyo.

Tulipocheka mkutanoni, mzee mmoja wa Mombasa alitunyamazisha. Alisema aliyewahi kukaa kwenye foleni ya feri ya Likoni akiwa na mgonjwa garini hawezi kumcheka mtu anayeomba daraja. Alisema kweli. Shida ya Ketchikan ilikuwa shida halisi, kwa kuwa mtu akitaka kupanda ndege lazima avuke maji. Lawama yangu ni juu ya kiasi cha fedha, na juu ya kamba ya mwenyekiti iliyoamua badala ya haja kupimwa na haja nyingine. Nina hakika watu wa Ketchikan wangepewa wenyewe milioni 223 wazitumie wanavyoona, daraja lisingekuwa la kwanza katika orodha yao.

Ugomvi huu una umri wa karibu kama taifa lenyewe. Ndugu wa tawi la Lexington, Kentucky, ambao wengi wenu mmetoka Kongo, mnaitumia barabara namba 68 kwenda Maysville kwenye mto Ohio. Mwaka 1830 Bunge lilitaka hazina ya shirikisho inunue hisa katika kampuni ya kuijenga, na Rais Andrew Jackson akaupigia mswada kura ya turufu kwa hoja kwamba barabara iko yote ndani ya jimbo moja, hivyo haihusu taifa. Jackson pia alikuwa na hasimu mmoja mkubwa, Henry Clay, naye Clay alikuwa mtu wa Lexington. Basi kanuni na chuki zilipanda gari moja, na hadi leo si rahisi kuzishusha mbalimbali. Barabara ilijengwa bila fedha ya shirikisho. New York nayo ilikosa msaada wa Washington kwa ajili ya mfereji wa Erie, ikauchimba kwa fedha zake kuanzia 1817 hadi 1825, ikatajirika.

Lakini New York ilikuwa na uwezo. West Virginia je? Robert Byrd, seneta wao kwa zaidi ya miaka 50, alipewa kila jina la kejeli kwa jinsi alivyochota fedha kupeleka kwao. Barabara, madaraja, hata darubini kubwa ya redio ya Green Bank, vyote vina jina lake, na hilo la majina mimi linanikera, kwa maana fedha hazikutoka mfukoni mwake. Ila pia alihamishia Clarksburg kituo cha FBI cha kutunza alama za vidole, na zaidi ya watu 2,000 wakapata kazi katika milima ambayo makaa ya mawe yalikuwa yakiitupa. Mtu wa New Jersey anaona fedha zake zimeporwa. Mtu wa Clarksburg anaona kwamba kwa mara ya kwanza Washington imekumbuka kuwa naye ni raia. Sitawaambia ni yupi kati yao anayekosea, kwa sababu sidhani kama yupo.

Anayekosea bila shaka ni mwizi, na wezi walikuwemo. Randy Cunningham, mbunge wa California, alipokea rushwa ya dola milioni 2.4 kutoka kwa wakandarasi wa mambo ya ulinzi ili awasukumie fedha za bajeti. Waendesha mashtaka walionyesha kwamba aliandika bei zake kwenye karatasi yenye nembo ya Bunge. Mwaka 2006 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka minane. Aibu za namna hiyo ndizo zilizolifanya Bunge kusimamisha utaratibu wote mwaka 2011. Miaka kumi ikapita bila miradi ya kupangiwa fedha kwa jina. Je, deni la taifa lilipungua? Halikupungua. Wabunge walishika simu na kalamu, wakawa wanawabembeleza maofisa wa wizara faraghani kwa yale waliyokuwa wakiyaandika hadharani.

Utaratibu ulirudishwa mwaka 2021 ukiwa na masharti mapya. Mbunge huweka maombi yake yote kwenye tovuti yake. Huthibitisha kwa maandishi kwamba yeye na familia yake hawana maslahi ya kifedha katika mradi. Kampuni za faida haziruhusiwi. Jumla iliwekewa kikomo cha asilimia moja ya matumizi ambayo Bunge huyaamua kila mwaka, na wakaguzi wa Bunge hukagua baadhi ya miradi. Katika bajeti ya 2023 miradi ilikuwa zaidi ya 7,200, kwa jumla ya dola bilioni 15 na ushee, wakati serikali ya shirikisho ilitumia mwaka huo zaidi ya dola trilioni 6. Gawanyeni wenyewe muone tulikuwa tunapigania sehemu gani ya chungu. Fedha zinazohama kweli kutoka jimbo moja kwenda jingine hupitia pensheni, bima ya afya, kambi za jeshi na mishahara, na hizo hazikutajwa na mtu yeyote mkutanoni.

Sharti moja zaidi ndilo linalotuhusu sisi. Katika Baraza la Wawakilishi, mbunge anatakiwa aonyeshe kwamba jamii ya pale inautaka mradi. Kwa hiyo mji ukiandaa ombi hutafuta barua za makanisa, misikiti, shule na vyama kama chetu. Msidhani barua zetu ni mapambo. Huwekwa katika faili, na mbunge huzitumia kama ushahidi. Hapa ndipo ninapowaomba, na kuwasihi, tubadilike.

Kwanza, tuache kuzipinga barua za wenzetu kwa sababu ya jimbo zilikotoka. Baadhi ya wanachama wamependekeza chama kisitie saini barua yoyote, ili mikono yetu iwe safi. Nawaheshimu, ila hesabu yao haikai. Ombi la Maine lisipopelekwa, fedha hazitarudishwa kwa mlipa kodi wa Houston. Zitakwenda kwa anayefuata kwenye foleni, pengine mji ambao mwakilishi wake ana kamba ndefu kuliko wote. Na kwa sisi, ambao wengi wetu hatuna hata kura bado, lakini sensa ilituhesabu na kodi tunalipa, njia hii ni mojawapo ya chache za kusikika.

Pili, tuache pia kutia saini kwa undugu. Nimekuta katika majalada barua ambazo aliyezitia saini hakujua mradi utagharimu kiasi gani. Kuanzia sasa, barua ya tawi lolote isomwe kwanza na tawi la jimbo jingine, ambalo halitafaidika na senti moja. Wasomaji waulize yale ambayo jirani huona haya kuuliza: nani atautunza mradi fedha za shirikisho zikiisha, kwa nini mji au jimbo halijaulipia lenyewe, nani alikuwa nao kwenye orodha kabla mwanasiasa hajauona, na je, wangekuwa wao, wangeuweka wa kwanza. Wasiporidhika, chama hakitii saini, na hakuna atakayenuna. Mradi utakaopewa jina la mbunge aliye hai tusiuguse kabisa. Na barua zetu ziseme juu ya mradi tu, zisimpigie debe mgombea wala chama cha siasa.

Tatu, tusiwaahidi watu wetu kitu ambacho hakijaingia benki. Machi 2025 Bunge lilipitisha bajeti ya mwaka mzima kwa kurefusha ile ya nyuma, na miradi yote iliyoombwa kwa mwaka huo ikaanguka pamoja, mizuri kwa mibaya. Ipo miji iliyokuwa imeshatangaza.

Ofisi nyingi za wabunge hufunga kupokea maombi majira ya kuchipua, kwa hiyo muda ni mchache. Kila tawi limchague msomaji mmoja mwenye subira ya kusoma makaratasi, na mwingine mwenye ujasiri wa kusema hapana, kisha majina yao yaletwe kwangu kabla ya mkutano ujao. Barua ya Maine inakwenda Lexington kusomwa. Ndugu wa Houston, ninajua mnaandaa yenu kuhusu mifereji ya mafuriko. Itasomwa Maine.

Wenu katika kazi,
Katibu