Eti kelele za wazee?

Kuna jamaa wakisikia habari za Night of Nights wanacheka. Wanasema ni wastaafu wa Kimarekani waliokosa kazi, wanachezea redio za zamani. Jamani, tusiwe wepesi kiasi hicho.

Kwa ambaye hajui: tarehe 12 Julai 1999, ujumbe wa mwisho wa kibiashara wa Morse nchini Marekani ulirushwa kutoka pwani ya California. Setilaiti zilikuwa zimeshachukua kazi. Vituo vikafungwa, watu waliotumia maisha yao kusikiliza nukta na vistari wakaambiwa kwaheri. Kituo maarufu cha KPH kilikuwa kimeshanyamazishwa tangu 1997.

Wakatokea watu wa kujitolea, Maritime Radio Historical Society, wakashirikiana na wenye hifadhi ya taifa ya Point Reyes, wakafufua mitambo ileile ya KPH. Sasa kila mwaka, dakika moja baada ya saa sita usiku kwa saa za GMT, KPH inarudi hewani. Kwetu Afrika Mashariki ni saa tisa na dakika moja, usiku wa kuamkia Julai 13.

Wanaobeza wanasema: wekeni mitambo makumbusho, basi yaishe. Hapo ndipo napingana nao. Mtambo uliozimwa ni chuma tu. Thamani ilikuwa kwenye mkono na sikio. Mtu wa redio aliweza kumtambua mwenzake, maili elfu kadhaa baharini, kwa jinsi tu anavyogonga. Ujuzi huo hauwekwi kwenye kabati la kioo. Ama unatumika, ama unakufa na wenyewe.

Halafu kuna jambo kubwa zaidi. Mwaka 1912 Titanic ilipokuwa inazama, meli ya Californian ilikuwa karibu, lakini mtu wake pekee wa redio alikuwa amelala. Dunia ikajifunza kwa uchungu. Baadaye ikawekwa sheria: kwenye masafa ya kilohezi 500, mara mbili kila saa, dakika tatu tatu, wote kimya! Saa za ukutani kwenye vyumba vya redio zilipakwa rangi nyekundu kuonyesha dakika hizo. Meli za mataifa yote zilinyamaza ili anayezama, hata kama sauti yake ni hafifu, asikike.

Sisemi tuzime setilaiti. Zinaokoa watu, tena haraka. Nasema utaratibu wa kunyamaza kwa ajili ya mnyonge si takataka, na sisi waandishi tunaoshindana kupiga kelele tungekuwa wa mwisho kuucheka.

Huna antena? Kuna vipokezi vinavyosikilizwa kupitia intaneti. Julai ijayo kesha usiku mmoja, sikiliza, kisha urudi hapa tubishane. Mnasemaje?