Kitenzi cha Mpango Mkakati: Maoni kuhusu Lugha ya Upimaji katika Wakala za Serikali

Wataalamu wa utawala wamekwisha kuandika mengi kuhusu mipango mkakati na upimaji wa utendaji katika taasisi za umma nchini Tanzania. Wanaisimu, kwa sehemu kubwa, tumekaa pembeni kana kwamba jambo hilo halituhusu. Katika maoni haya mafupi tunakusudia kuonyesha kwamba linatuhusu. Mpango ni matini kabla haujawa kitu kingine chochote, na baadhi ya upungufu unaohesabiwa kuwa wa utekelezaji huanzia katika sentensi.

Historia yenyewe inajulikana. Sheria Na. 30 ya mwaka 1997 iliruhusu baadhi ya kazi za wizara zikabidhiwe wakala zenye mtendaji mkuu wake na mipango yake. (Tudokeze kwa kupita kwamba wakala, kwa asili, ni mtu atendaye kwa niaba ya mwingine, katika nyaraka nyingi neno hilo sasa lina upatanisho wa ngeli ya I-/ZI-, kana kwamba mtu mwenyewe amekwisha kuondoka humo.) Mwaka 2004 ukaja mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi, ukachukua nafasi ya tathmini ya siri, nao umekwisha kuupisha mfumo wa kielektroniki.

Kitenzi kinachotawala nyaraka hizi ni boresha, pamoja na ndugu yake imarisha. Kisemantiki, vitenzi hivi havina kikomo. Kisima kikichimbwa, upo wakati ambapo uchimbaji umekwisha. Huduma ikiboreshwa, hakuna wakati ambapo uboreshaji umekwisha. Isitoshe, aghalabu vitenzi hivi huandikwa katika kauli ya kutendwa pasipo kutaja mtenda: "huduma kuboreshwa ifikapo Juni". Sarufi ya Kiswahili inaruhusu kirai cha na kiachwe, na mwandishi wa mpango huitumia ruhusa hiyo kila mara. Mwisho wa mwaka hapatikani wa kuulizwa.

Hoja yetu kubwa, hata hivyo, imo katika neno upatikanaji. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kiwango kinachoeleweka kwa vijiji: lita 25 kwa mtu kwa siku, katika umbali usiozidi mita 400, na kila kituo kihudumie watu 250. Hiyo ni lugha inayopimika. Lakini taarifa hazisemi watu wanateka maji. Zinasema upatikanaji wa maji umefikia asilimia kadha. Viambishi -ik- na -an- katika patikana hueleza hali au uwezekano, na humwondoa mpataji katika nafasi ya kiima. Maji hupatikana, na si lazima awepo aliyeyapata.

Chukua kijiji cha watu 2,000 chenye vituo 8. Zidisha 8 kwa 250, nawe umepata upatikanaji wa asilimia 100. Iwapo vituo 3 vimekauka au pampu zake zimeharibika, vilivyobaki vinatosha watu 1,250 tu, yaani asilimia 62.5, ilhali hesabu ya miundombinu iliyojengwa haibadiliki. Hatuzungumzii jambo la kufikirika: uhakiki wa vituo vya maji vijijini katika muongo wa 2010 ulionyesha kwamba sehemu kubwa ya vituo vilivyojengwa ilikuwa haitoi maji. Mama aliyerudi na ndoo tupu alikuwa amekwisha kuhesabiwa.

Yamkini msomaji atasema kwamba kosa ni la takwimu, si la lugha. Namba ikirekebishwa, neno litajirekebisha. Hatukubaliani naye. Namba hufuata nomino iliyopewa. Ndiyo maana pia taasisi hutimiza "matokeo" yake kwa kuendesha semina 12: katika matumizi ya ofisini neno hilo moja hubeba kilichozalishwa na kilichobadilika kwa sababu yake. Pendekezo la kutumia athari kwa maana ya pili halisaidii sana, kwani kwa wazungumzaji wengi neno hilo linanuka ubaya. Nasi tusijitoe: tumezoea kupima ukuzaji wa Kiswahili kwa idadi ya istilahi zilizosanifiwa, si kwa zile zinazotumika.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na taasisi moja ya umma kuhariri tafsiri ya mpango wake, uliokwisha kupitishwa kwa Kiingereza. Nilipopendekeza "upatikanaji wa maji" uandikwe "watu wanaoteka maji", mwenyekiti wa kikao alijibu kwamba hapo itabidi watu wakahesabiwe. Pendekezo likaachwa.

Tunaonelea, basi, kwamba shabaha za wakala ziandikwe kwanza kwa Kiswahili, zikiwa na kiima kinachotajwa na kitenzi chenye kikomo, kisha zitafsiriwe kwa wahisani watakaozihitaji kwa lugha nyingine. Aidha, zisomwe katika mkutano mkuu wa kijiji kabla ya kupitishwa, ili anayehesabiwa apate nafasi ya kukanusha. Kwa wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada, upo utafiti mzuri katika jambo moja dogo: kukusanya shabaha za wakala kumi na kuhesabu ni ngapi zina mtenda.