Samaki wa Misri Hawakuwa wa Bure



Wapendwa waamini, Dominika iliyopita baada ya Misa ya pili vijana watatu walitusubiri nje ya sakristia. Mmoja alikuwa na simu mkononi, nao walikuwa wakitazama matangazo ya zile meli kubwa za kitalii ambazo baadhi yake hutia nanga Zanzibar na Dar es Salaam. Akatuambia kwa mshangao: "Baba Paroko, humo ndani watu wanakula kutwa kucha, na kila kitu ni bure!" Tulitazama pamoja nao, tukacheka, tukaagana. Hata hivyo neno lile "bure" halikutuacha usingizini, na ndilo tunalotaka kulitafakari nanyi juma hili.

Katika kitabu cha Hesabu, sura ya 11, wana wa Israeli walinung'unika jangwani. Walichoka na mana, wakawakumbuka samaki waliowala Misri bila malipo, na matango, na matikiti, na vitunguu. Tusome vizuri tuone ajabu yake. Watu waliofyatua matofali chini ya mijeledi, watu ambao watoto wao wa kiume waliamriwa kutupwa mtoni, wanathubutu kusema kwamba huko walikula bure! Samaki wale walilipiwa kwa migongo na kwa damu, lakini tumbo lina kumbukumbu fupi. Likishashiba husahau nani amelipa.

Hoja yetu ni hii. Chakula kinachoitwa cha bure safarini kimekwisha kulipiwa, na mara nyingi kimelipiwa mara mbili: mara ya kwanza na abiria, ndani ya nauli yake, mara ya pili na mama aliyesimama nje na sinia kichwani, ambaye siku hiyo hakuuza kitu.

Tuanze na hizo meli zilizowashangaza vijana wetu. Ni kweli kwamba katika nyingi kati yake msafiri hujipakulia chakula katika ukumbi mkubwa bila kutoa fedha, na kwamba maji, chai, kahawa ya kawaida, vipande vya piza na aiskrimu hupatikana bila kuulizwa bei. Lakini soda, bia, mvinyo na kahawa ya mashine vina bei yake, na migahawa mizuri zaidi ndani ya meli hiyo hiyo hutoza malipo ya ziada. Kampuni huuza vifurushi vya vinywaji kwa siku, na zipo kampuni ambazo mtu mzima mmoja akinunua kifurushi cha pombe, mwenzake wa chumba kimoja hulazimika kununua pia, hata kama ni mtu wa maji tu. Na bahashishi ya wahudumu huongezwa kila siku kwenye hesabu ya msafiri. Basi hiyo bure iko wapi? Bure ni mlango wa mbele. Duka liko nyuma yake.

Hayo ni ya wasafiri wenyewe, na wengi wao wana uwezo. Linalotuhuzunisha zaidi ni la watu wa bandarini. Wahenga wetu walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Mgeni wa meli hushuka Unguja kwa saa chache. Yuko atakayenunua viungo, yuko atakayemlipa kiongozi wa watalii amtembeze Mji Mkongwe, nao tunawashukuru. Lakini mgeni ambaye chakula chake cha mchana na cha jioni kimekwisha kulipiwa ndani ya meli ana sababu gani ya kuketi na kula kwa mwenyeji? Jioni meza za Forodhani zinapowashwa taa, pengine meli imekwisha kung'oa nanga. Kule Bahama kampuni moja, Royal Caribbean, imekwenda mbali zaidi: ina kisiwa kidogo kiitwacho CocoCay, kilichotengwa kwa ajili ya wageni wa meli zake. Mgeni amekuja, na fedha yake imekuja pamoja naye, na nyingi yake imeondoka pamoja naye.

Mtu wa Itigi atatuuliza: Baba, sisi na bahari wapi na wapi? Hapa kwetu maji yenyewe ni ya kupimia ndoo. Ni kweli. Lakini wapendwa, desturi hiyo haikuishia pwani. Imetufikia kwa barabara ya lami.

Hivi karibuni tulisafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam. Kampuni hatutaitaja, kwa sababu mabasi mengi yanafanya hivyo hivyo. Mhudumu, binti mwenye adabu, alipita na boksi akigawa maji, soda na pakiti ndogo ya biskuti. Jirani yetu alikuwa mzee mmoja aliyekuwa akirudi nyumbani. Alirudisha mkono nyuma, akauliza, "Binti yangu, ni shilingi ngapi?" Alipoambiwa kwamba ni bure, alimbariki kwa maneno mengi, akaifungua soda yake kwa heshima kana kwamba ameandaliwa karamu. Nasi moyoni tulisema: Mzee wetu, hukupewa. Ulikwisha kununua.

Tupige hesabu. Katika nauli kikomo zilizotangazwa na LATRA mwishoni mwa mwaka 2023, abiria wa basi la daraja la kawaida alipangiwa shilingi 48.47 kwa kilomita, na wa daraja la kati shilingi 67.84. Tofauti ni shilingi 19.37 kwa kila kilomita. Kwa safari ya kilomita 450, tofauti hiyo inazidi shilingi 8,700. Hatusemi kwamba fedha hiyo yote ni ya soda. Viti ni bora, hewa ni ya ubaridi, na mwenye basi ana gharama zake halali. Tunachosema ni kwamba soda ile haikutoka mfukoni mwa mwenye basi. Anayeuza kitu na kukiita zawadi anachukua fedha, kisha anachukua na shukrani. Fedha ni haki yake. Shukrani ameipata kwa hila.

Mchana basi likasimama mahali pa kula. Abiria hawakuchagua mahali hapo. Dereva ndiye aliyechagua. Waliambiwa dakika ishirini, na sahani ya chipsi na kuku iliuzwa kwa bei ambayo hakuna mama ntilie wa Itigi angethubutu kuitamka. Wakati abiria wakipanga foleni, dereva na wenzake waliingia chumba cha nyuma wakaandaliwa sinia, nao hawakulipa hata senti. Mnajua nyote kwamba huo ni utaratibu wa siku nyingi katika barabara zetu: anayeleta abiria hula bure. Nani amelilipia sinia lile? Amelilipia yule mama mwenye mtoto aliyenunua chipsi kavu kwa sababu kuku alimshinda. Na mzee wetu hakushuka kabisa. Tuliporudi tulimkuta anakula viazi vitamu vya kuchemsha alivyofungiwa na binti yake, amevifunika kwa koti, kama mtu anayefanya jambo la aibu. Hapo ndipo tulipokasirika, wapendwa, na hasira hiyo hatujaiungama kwa kuwa hatuioni kuwa dhambi. Chakula halali, kilichopikwa kwa upendo, kimegeuzwa kuwa aibu, na biskuti ya boksi imegeuzwa kuwa heshima!

Sasa tuje stesheni, kwa sababu sisi wa Itigi ni watoto wa reli. Reli ya Kati ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Treni hiyo imekuwa na behewa lake la chakula, ambako mwenye fedha huagiza wali na nyama na kuletewa. Lakini dirisha la treni lilikuwa linafunguka. Saranda, Manyoni, Itigi, na kuendelea hadi Tabora, abiria wa daraja la tatu alitoa mkono dirishani akanunua kuku wa kienyeji, mayai ya kuchemsha, karanga, muwa au chupa ya asali ya nyuki wa vichaka vyetu. Behewa la chakula lilipata lake na sinia la mama likapata lake. Wako miongoni mwenu, na wengine ni viongozi wa Jumuiya zetu Ndogo Ndogo, waliosomeshwa kwa fedha ya dirisha lile. Tumewazika akina mama ambao mikono yao ilikuwa na makovu ya mafuta ya moto hadi siku ya mwisho, na watoto wao wakaja kwenye mazishi wakiwa walimu na wauguzi.

Mwaka 2024 treni za umeme za reli ya kisasa zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma, na kipande cha kutoka Makutupora kwenda Tabora kinajengwa. Tunaisifu kazi hiyo bila kusita. Mgonjwa anayetafuta matibabu katika Hospitali ya Mtakatifu Gaspari hapa Itigi anastahili safari fupi na salama. Lakini treni hiyo ina vioo visivyofunguka, husimama kwa muda mfupi, na chakula chake huuzwa ndani. Tunauliza mapema, kabla zege halijakauka: sinia la mama litakwenda wapi?

Torati ina jibu. Katika kitabu cha Walawi, sura ya 19, Mungu anamkataza mwenye shamba kuvuna hadi pembe za shamba lake na kuokota masazo. Hayo ni ya maskini na ya mgeni. Kwa sheria hiyo Ruthu, mjane na mgeni, aliokota masuke katika shamba la Boazi, na katika uzao wake akazaliwa Daudi. Angalieni: Mungu hakumnyang'anya Boazi shamba. Alimwambia tu asivune yote. Meli inayomlisha abiria hadi asihitaji kitu bandarini, basi linalochagua meza moja barabara nzima, na stesheni isiyo na nafasi ya mchuuzi vimevuna mpaka pembe.

Yapo majibu tunayoyatarajia. Kwanza watasema: chakula cha stesheni si safi, na kipindupindu kinaua. Ni kweli, nasi tunawaambia akina mama zetu wazi: nawa mikono, funika chakula, usiuze kilicholala. Lakini dawa ya uchafu ni maji na banda, si kumfukuza mpishi. Pili watasema: watoto hukimbia kando ya treni na kuhatarisha maisha. Hapo tunakubaliana nao kabisa. Mtoto wa shule mahali pake ni darasani, na mzazi anayemtuma relini saa za masomo atajibu mbele ya Mungu. Tatu watasema: abiria wenyewe wanaipenda soda hiyo. Wana wa Israeli pia waliwapenda samaki wa Misri.

Tusije tukawa wepesi wa kuona kibanzi cha wengine. Katika sherehe zetu za parokia, jubilei, somo wa parokia, harusi, tunaweka meza kuu yenye soda za aina tatu na kuku mzima, kisha waamini waliotoa michango ile ile wanapewa kuponi moja na kuambiwa kinywaji cha pili ni cha kununua. Mtakatifu Paulo aliwakemea Wakorinto kwa jambo la namna hiyo hiyo, mmoja ana njaa na mwingine amelewa. Nasi makasisi tumeketi kwenye meza hiyo kuu, tumekula, tumenyamaza. Tunaomba radhi. Kuanzia sherehe ijayo ya parokia yetu tutapanga foleni pamoja nanyi, na chungu kitakuwa kimoja.

Basi tunaomba nini? Tunawaomba wenye mabasi waite kitu kwa jina lake: waandike kwenye tiketi kwamba nauli imejumuisha kinywaji, na wasimame mahali ambapo abiria ana zaidi ya mlango mmoja wa kuchagua. Tunawaomba wanaosimamia reli mpya watenge, katika kila stesheni itakayojengwa, sehemu yenye kivuli na bomba la maji kwa wachuuzi wa mahali hapo, kwa ushuru wanaoweza kuulipa. Tunawaomba WAWATA na Halmashauri ya Walei waanze sasa kuwakusanya akina mama wa stesheni katika kikundi kimoja, ili siku ya kuomba nafasi hiyo wasiende mmoja mmoja.

Na kwenu nyote mnaosafiri: kunyweni soda yenu kwa amani, ni mali yenu. Chupa msiitupe dirishani. Viazi vya nyumbani vileni wazi, mbele za watu, na mkimkaribisha jirani mtakuwa mmetoa kitu cha bure kweli kweli. Na mkimwona mama na sinia lake, nunueni hata yai moja, wala msimpunje bei. Karamu ya bure tunaijua moja tu, ile ya altareni, nayo aliyeilipia hakuficha bei. Alionyesha mikono na ubavu.