Maganda ya matoke Kampala: rutuba isiyorudi shambani

Malori yaliyosheheni mikungu ya ndizi huingia Kampala kutoka magharibi mwa Uganda, hasa Isingiro, Mbarara na Bushenyi, kisha mikungu hiyo husambazwa katika masoko kama Nakasero, Owino na Kalerwe. Matoke yakishamenywa, jiji hubaki na maganda. Mgomba hufyonza potasiamu nyingi ardhini, na kila mkungu unaouzwa huondoka na sehemu ya rutuba hiyo.

Zamani hasara hii ilikuwa ndogo. Migomba ilipandwa kuizunguka nyumba, na maganda yakarudishwa shinani pamoja na samadi ya ng'ombe na mbuzi. Mkulima na mfugaji walikuwa mtu mmoja. Soko la mjini ndilo lililowatenganisha, na ushirikiano unaozungumzwa leo kwa jina la kilimo cha mzunguko ni jitihada ya kuwakutanisha tena.

Kampala haianzi patupu. Kwa miaka mingi wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wanaolishwa bandani wamekuwa wakitumia maganda ya matoke, ambayo hukusanywa masokoni na kubebwa kwa baiskeli au gari. Sheria ndogo za jiji za mwaka 2006 ziliutambua ufugaji huo na kuuwekea masharti. Nusu ya mzunguko, basi, inafanya kazi, tena bila mfadhili wala semina. Inayokwama ni nusu ya pili. Mfugaji wa mjini mara nyingi hana shamba, na samadi inayokosa mnunuzi huishia mtaroni.

Gharama ya kuendelea hivyo ilionekana Agosti 10, 2024, jalala la Kiteezi lilipoporomoka na kuua zaidi ya watu 30. Jalala hilo lilikuwa likipokea taka za Kampala tangu miaka ya 1990, na sehemu kubwa ya taka za jiji ni mabaki yanayooza, yakiwemo maganda yaleyale. Miezi mitano baadaye, Januari 2025, viongozi wa Umoja wa Afrika walikutana Kampala na kupitisha azimio la kuongeza uzalishaji wa chakula barani kwa asilimia 45 ifikapo mwaka 2035. Uganda ni miongoni mwa nchi zinazotumia mbolea kidogo mno kwa kila hekta, na vita vya Ukraine vilipopandisha bei mwaka 2022, mkulima mdogo aliona jinsi mbolea ya kuagizwa ilivyo mbali naye.

Je, samadi ya Kampala irudishwe Isingiro? Ni vigumu. Samadi mbichi ni nzito, sehemu kubwa yake ni maji, na nauli humeza thamani yake kabla haijafika. Japani, ambako wakulima wa mpunga huwapa wafugaji majani makavu na kupokea mboji, mabadilishano hayo hustawi zaidi pale pande mbili zinapokuwa jirani. Kwa Kampala, jirani ni wakulima wa mboga na migomba wa Wakiso, Mukono na Mpigi. Hao wakikubaliana na wafugaji juu ya bei, siku ya kuchukua mzigo na ubora wake, safari inakuwa fupi.

Ubora si jambo dogo. Mnyauko bakteria wa migomba, uliogunduliwa Uganda mwaka 2001, umewafanya wakulima wahofie mabaki ya migomba kutoka nje ya shamba, na hofu hiyo ina msingi. Mboji isiyoiva vizuri, au iliyochanganyika na mifuko ya plastiki, haitapata mnunuzi wa mara ya pili. Kwa hiyo kazi ya kutenganisha taka lazima ianzie sokoni, na anayeifanya alipwe.

Kwa mashamba ya mbali, njia nyingine ni kuyaacha maganda hukohuko. Bushenyi tayari kuna kiwanda kilichoanzishwa na serikali cha kusaga unga wa ndizi. Ndizi inayomenywa huko huja mjini bila ganda lake, na ng'ombe wa kulila wapo jirani na migomba.