Fundi wa kompyuta si lazima apande basi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nami nitoe maoni yangu juu ya jambo linalokula fedha za shule, zahanati na ofisi zetu bila sababu ya msingi.

Makao makuu ya wilaya yetu yako Kilosa mjini, kwenye Reli ya Kati, na sisi wa Mikumi tuko kwenye barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia. Kompyuta ikigoma huku, fundi huitwa kutoka mbali na kulipwa nauli na posho. Mara nyingi akifika hubonyeza vitufe kwa dakika kumi, kazi imekwisha.

Ndugu Mhariri, dawa ipo na haiuzwi. Mwaka 1998 maabara ya Olivetti huko Cambridge, Uingereza, ilitoa bure programu iitwayo VNC. Kwa programu hiyo, fundi aliye Kilosa huiona skrini ya kompyuta ya Mikumi kama ilivyo na kuiendesha kwa kibodi na mausi yake mwenyewe. Zilizozaliwa nayo, kama TigerVNC na TightVNC, ni programu huria: yeyote anaruhusiwa kuzitumia, kuzichunguza, kuzirekebisha na kumgawia jirani. Hakuna leseni ya kulipia wala haja ya nakala za wizi.

Wapo watakaosema kwamba kumfungulia mtu kompyuta ni kumkabidhi mwizi ufunguo. Hoja hiyo ina uzito. VNC ya asili huangalia herufi nane tu za neno la siri, na picha zake hupita mtandaoni bila kufichwa. Ndiyo maana isiachwe wazi kwenye intaneti, bali ipitishwe ndani ya OpenSSH, ambayo nayo ni bure. Tena wapo matapeli wanaopiga simu wakijifanya mafundi. Kwa hiyo kanuni iwe moja: mwenye kompyuta ndiye amwite fundi, akae akitazama kazi, na njia ifungwe kazi ikiisha. Kuingia bila ruhusa ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na habari za wagonjwa na wanafunzi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022.

Njia hii haiponyi yote. Umeme ukikatika, fundi hana pa kupitia, na kifaa kilichoungua hakitengenezwi kwa mbali. Lakini bando dogo si kikwazo kikubwa, kwani rangi za picha huweza kupunguzwa.

Napendekeza halmashauri iweke seva moja Kilosa, na kompyuta za shule ndizo ziibishie hodi, maana nyingi zinazotumia laini za simu hazifikiki moja kwa moja kutoka nje. Vijana wa Chuo cha VETA Mikumi nao wafundishwe kazi hii. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa programu huria ya ofisi kwa Kiswahili, Jambo OpenOffice. Kama hilo liliwezekana, hili litatushinda kwa lipi?

Wahusika mnasemaje? Nauli hizo ni madawati ya watoto wetu.

Mwananchi,
Mikumi, Kilosa.